Mchezo Tuliouuza Pamoja na Hukumu Yake

Siku ile sijaisahau, mwanangu, siku mfanyabiashara mmoja wa Butembo alipokuja mazoezini mwa kikundi chetu cha maigizo na kamera mpya, akatuambia anataka mchezo wetu uwe filme. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa, damu inachemka, na mimi ndiye niliyeigiza mjane.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: mume amekufa, shemeji anataka kumfukuza mjane shambani. Hapo sisi waigizaji tulikuwa tunanyamaza. Mzee Paluku, aliyeutunga, alikuwa akishuka kati ya watu na kuwauliza: abaki au aende? Basi wazee wa pale walisimama, wakabishana, wakahukumu. Luofu, Lubero, Mangina, popote tulipofika, walisema abaki. Wanaume wengine walirudi nyumbani vichwa chini. Ndiyo maana ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani.

Yule mfanyabiashara aliuona umati ule. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie.

"Hii hadisi batu banaijua tayari," alituambia. "Kizuri chajiuza. Lakini filme haiwezi kuuliza batu. Mujane aende, alie sana. Machozi ndiyo inauzaka."

Mzee Paluku hakupenda. Aliniita kando, akasema polepole, "Kavira, kwa mchezo batu banahukumu pamoja na sisi. Ile filme itahukumu yenyewe, na sisi hatutakuwa pale ya kujibu."

Nilicheka. Ee, nilimcheka mzee wa watu! Nilikuwa nimeshaiona sura yangu ikibandikwa kutani kuanzia Beni mpaka Goma. Vijana tulikuwa wengi kikundini, tukamshinda kwa kelele. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi tukapiga filme. Nikafunga mizigo yangu mbele ya kamera, nikaweka mtoto mgongoni, nikaondoka shambani bila kusema neno. Nililia vizuri mno siku hiyo. Watu wakanunua, wakalia nami, wakawanunulia na jamaa zao.

Miaka ikapita. Mume wangu, baba wa watoto wangu, akafa kule Lubero. Matanga hayajaisha, shemeji yangu mkubwa akaja na ndugu zake kuniambia niache shamba. Nikaanza kumweleza haki ya watoto. Akanikatiza.

"Kavira, sisi bote tulikuona. Wewe mwenyewe ulifunga mizigo, ukaenda. Leo unajifanya haujui njia?"

Wenzake wakacheka, na maiti bado mbichi kaburini. Niliwaambia ule ulikuwa mchezo tu. Wapi! Mtu aliyeona kwa macho yake utamwambia nini? Niliona aibu, niliona uchungu. Nikachukua watoto, nikashuka Beni kwa dada yangu. Shamba lile la viazi sijalikanyaga tena.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kupiga filme vitabu na michezo inayopendwa. Pigeni. Sikukatazi, na usinitolee macho hivyo! Hadithi inayojulikana inauza, na mwenye kazi ale kwa kazi yake. Ila mwenye pesa akikuambia ubadilishe mwisho, usimuulize filme itauza kiasi gani. Muulize ni nani atakayeishi ndani ya mwisho huo. Ukiona ni mtu asiye na wa kumtetea, kataa, hata kama kamera itarudi sandukuni. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi huyo mjukuu nimemlea mpaka amezeeka nami.

Haya, nenda. Mungu akujazie ukumbi watu. Na mjane atakayekuja kutazama kazi yako, akirudi kwake, akute mlango haujafungwa.