Mkandaji aliyeogopa kuuliza, "Unaumwa wapi?"

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mahjuba Zeruali ameshavua viatu. Katika chumba cha mazoezi cha chuo kimoja cha ufundi mjini Meknes, wanafunzi kumi na wanne wanatandika taulo juu ya vitanda virefu, na yeye peke yake yuko pekupeku kwenye sakafu ya baridi.

"Shangazi, viatu," anamnong'oneza Hajar, binti wa miaka ishirini na mmoja anayefanya naye mazoezi.

"Nimekanda migongo miaka thelathini bila viatu. Leo nikivaa nitajiona mgeni."

Hajar anacheka, analala kifudifudi. Vidole vya Mahjuba vinateremka kando ya uti wa mgongo bila haraka, vinasimama chini ya bega la kushoto.

"Mkoba unauning'iniza upande huu," anasema. "Uhamishie upande wa pili." Hajar hakuwa amesema kitu.

Mahjuba ana miaka hamsini na minne. Amemzidi mwalimu wake miaka kumi na tisa, na darasani wamempa jina la Bibi Harusi kwa sababu hufika wa kwanza akiwa amepaka hina. Alhamisi atarudia mtihani wa vitendo. Akishindwa tena, kanuni za chuo hazimpi nafasi ya tatu, na bila cheti hakuna zahanati wala hoteli itakayompokea.

Kazi hii hakuianzia hapa. Aliianzia katika hamamu ya mtaa wao, bafu la umma la mvuke, ndani ya mji mkongwe, siku ambazo Ijumaa haikuwa Ijumaa mpaka mwanamke atoke pale na ndoo yake, mashavu mekundu, akimenya chungwa. Mama wa kijana alikwenda kumtazama mchumba wa mwanawe mle mle ndani ya mvuke. Tanuri lililochemsha maji ndilo lililooka mikate ya mtaa mzima. Aliyekulia Meknes miaka hiyo akisikia harufu ya sabuni nyeusi ya zeituni, moyo unamwenda mbali.

"Siku hizi kila mtu na bomba lake," anasema Mahjuba. "Wanaoga safi, lakini wanaoga peke yao."

Aliyemfundisha alikuwa Lalla Yakut, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, mkuu wa wakandaji wa hamamu ile. Mwaka wa kwanza hakumruhusu Mahjuba kugusa mwili wa mtu. Alimpa ndoo. Alimtaka ajue joto la maji kwa kiwiko, na ajue nani apewe maji ya moto na nani ya vuguvugu kwa kumtazama anavyoingia mlangoni.

Mwaka wa pili alimpa unga. Kila asubuhi Mahjuba alikanda donge la mkate, Lalla Yakut akalibonyeza kwa kidole gumba kabla halijapelekwa tanurini.

"Alikuwa akiniambia, 'Hili limekandwa na mtu aliyegombana na mumewe. Rudi nyumbani, mgongo wa mtu si mahali pa kumalizia ugomvi.' Na kweli, nilikuwa nimegombana."

Mwaka wa tatu mwalimu alilala mwenyewe juu ya sakafu ya mawe, akamwambia amtafutie panapomuuma. Ilimchukua miezi mitatu. Siku alipopapata, kwenye nyonga ya kulia, chini kabisa, Lalla Yakut alimwambia kesho aanze na wateja.

"Palikuwa na jeraha la zamani," anasema Mahjuba. "Nadhani alisukumwa kwenye ngazi. Sikuuliza, naye hakusema. Nilijua tu kwamba sasa mimi ni mtu wake."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pale. Mkandaji haulizi. Ukumbi ni mmoja, wanawake arobaini wamekaa, kuta zinarudisha sauti. Ukimuuliza mtu anaumwa wapi, mtaa mzima utakuwa umejua kabla ya adhuhuri kwamba fulani hapati usingizi, fulani kapigwa. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini Lalla Yakut alikuwa na methali yake aliyoipenda zaidi: mgonjwa haulizwi uji.

Lalla Yakut amefariki miaka kumi na miwili sasa. Hamamu nayo ilifungwa miaka mitatu iliyopita, ukuta ulipopasuka na warithi wakashindwa kuelewana. Mahjuba, mjane, akabaki kukanda majumbani kwa dirhamu hamsini, siku nyingine wateja wawili, siku nyingine hapana. Aliuza bangili mbili akalipa ada ya chuo.

Masomo ya mwili hayakumpiga chenga. Majina ya misuli aliyakariri huku akiosha vyombo. Kilichomwangusha ni karatasi ya maswali ambayo mkandaji lazima aijaze kwa kumhoji mteja kabla ya kumgusa. Kwenye mtihani wa kwanza alipata alama thelathini na nane kati ya arobaini kwa kazi ya mikono. Mahojiano alipata sifuri.

"Karatasi aliirudisha nyeupe," anakumbuka mwalimu Ibtisam. "Nilimwona ameinama na kalamu, midomo inacheza, sauti haitoki. Mwanamke anayejua mwili wa mtu kuliko mimi. Niliumia sana."

Mahjuba hajitetei. "Walikuwapo wasimamizi wawili, na wanafunzi wamekaa pale nyuma. Nikauona ukumbi wetu. Ulimi ukakataa."

Kinachomchoma ni kwamba alikuwa anajua kwa nini maswali yale yapo. Wiki ya sita ya masomo Ibtisam alifundisha juu ya damu inayoganda mguuni: shavu la mguu linavimba, linakuwa na joto, na anayelikanda anaweza kuisukuma damu ile hadi kwenye mapafu. "Mikono haiwezi kujua yote," aliwaambia. "Ulizeni. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mahjuba alitoka darasani, akaenda kukaa ngazini.

Miaka kumi na tisa iliyopita alimkanda mwanamke aitwaye Batul, mke wa muuza sufu, aliyekuwa amejifungua karibuni. Shavu la mguu wake lilikuwa gumu na la moto. Mahjuba alidhani ni uchovu, akalikanda kwa nguvu zake zote. Keshokutwa yake Batul alikimbizwa hospitali akiwa hapumui vizuri, akalazwa siku ishirini na sita. Alipona. Watu walisema ni jicho la hasidi, na Mahjuba, Mungu amsamehe, alisema hivyo hivyo.

"Mimi nampenda Lalla Yakut mpaka leo," anasema. "Kila nilicho nacho mikononi ni chake. Lakini lile jambo moja alikosea, nami nikakosea naye. Kuna siku kulikubali hilo naona kama namzika mara ya pili."

Alhamisi, mwandishi wa makala haya aliruhusiwa kukaa chumbani wakati wa mtihani. Mteja alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitolea, asiyejulikana na mtu pale. Mahjuba alikuwa amevaa viatu. Alichukua karatasi, akasimama kando ya kitanda. Aliwatazama wasimamizi, kisha wanafunzi waliokaa nyuma.

Halafu akapiga magoti, akasogeza mdomo hadi kwenye sikio la yule mwanamke, akanong'ona.

"Kwa sauti, tafadhali," alisema msimamizi mgeni. "Hatukusikii."

"Anayeumwa ni yeye, mwanangu," alijibu Mahjuba bila kugeuka. "Ninyi mtasoma karatasi."

Nyuma kuna aliyecheka, akajizuia. Msimamizi alimtazama Ibtisam, Ibtisam akatazama dirishani. Yule mwanamke alinong'ona muda mrefu, na Mahjuba akaandika mstari baada ya mstari. Alipomaliza, alikanda mgongo na mabega tu. Miguu hakuigusa, na kwenye karatasi alikuwa ameeleza sababu.

Mahojiano: alama kumi na nane kati ya ishirini.

Cheti chake kimefungwa ndani ya leso, hata ukutani hajakitundika. Anatafuta chumba cha kupanga karibu na mtaa wao wa zamani, chenye pazia zito na mahali pa kuchemshia maji. Hajar ameomba kujifunza kwake, na ameshaambiwa aanze kununua unga.

Lakini kwanza, anasema, ana safari ya mtaa wa tatu. Amenunua bonge la sukari lenye umbo la koni, lililofungwa karatasi ya buluu, kama anavyofanya mtu anayekwenda kuomba radhi, na ameliweka juu ya kabati tangu Ijumaa.

"Batul yu hai, ana wajukuu. Tukikutana sokoni tunasalimiana, ananiombea dua, nami naharakisha kupita," anasema Mahjuba. "Safari hii nitakaa. Nitamweleza nilichofanya. Na kabla hajanijibu lolote, nitamuuliza mguu wake unaendeleaje."