Stering Ilipokataa Kukata Kona

Nilikuwa najua hakuna kitu inaweza kunishangaza tena. Niliacha shule darasa la tano, nikavuta mkokoteni Eldoret miaka tisa, na kabla nifike arobaini nilikuwa na trekta yangu kijijini Chepsaita. Trekta ya zamani, lakini yangu, na hakuna benki iliyonishika mkono.

Vurugu za uchaguzi zilipoanza, moshi ulikuwa kila upande. Trekta yangu nyekundu ilijulikana hadi mji wa Turbo. Nikaificha nyuma ya ghala la mahindi, nikaipaka yote rangi ya kahawia kwa brashi, juu mpaka chini, isionekane kutoka barabarani. Haikuchomwa. Lakini fundi wangu, mtu wa kabila lingine, wa upande wa ziwa, aliyeitengeneza miaka kumi, alifukuzwa na watu ambao hata kubadilisha tairi hawajui. Hiyo inanikasirisha hadi leo.

Mvua ikakaribia. Wakulima saba walikuwa wananingoja niwalimie, na stering, huo usukani, ikawa ngumu kama imemwagiwa simiti. Na grisi nilikuwa natia kila asubuhi, mimi mwenyewe. Fundi mmoja wa mjini aliiangalia dakika tano.

"Boksi ya stering imekufa," akasema.

Nikanunua boksi, akaifunga. Ugumu ukabaki vile vile. Nilipomrudia akaniambia ati nizoee.

Nikampigia fundi wangu simu. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Kapsoya, Eldoret.

"Huko sirudi, mzee. Ukitaka niione, ilete."

Nikaiendesha hadi Kapsoya, malori yakinipigia honi, mabega yakiwaka, nikitukana kila kona.

Boksi hakuigusa. Aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki, akafungua chuma kinachoyaunganisha na boksi, akazungusha stering kwa kidole kimoja. Ikaenda. Akasukuma gurudumu kwa mikono miwili. Halikusonga.

"Boksi iko sawa. Hata ile uliyotoa ilikuwa sawa. Pini ambazo magurudumu yanageukia ndizo zimekauka." Akakwaruza kwa bisibisi. "Nani alipaka hii rangi?"

"Mimi."

"Umeziba vitundu vya grisi, mzee. Kila asubuhi ulikuwa unaipaka trekta mafuta kama bibi harusi."

Na mimi nilikuwa naona grisi ikimwagika pembeni, nikidhani imeshiba.

Alizibua vitundu, akatia dizeli ilainishe kutu, akapampu grisi mpya mpaka grisi nyeusi ikatoka na kutu, kisha ikaja safi. Masaa mawili. Akaitisha mia tano tu.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Mimi nitakulinda."

"Wakati ule ulikuwa unalinda trekta," akasema, akifuta mikono.

Hakurudi. Mvua ikaanza siku hiyo hiyo. Mashamba matano niliwahi, mawili yakalimwa na mwingine. Boksi, fundi wa mjini, dizeli ya safari na ile mia tano, vyote vilinila shilingi elfu thelathini na nne, mia sita na hamsini.