Jina Kwenye Chokaa

Mimi hasira zangu ziko puani, na binamu yangu anajua pa kuzichokonoa. Ameandika kijitabu cha ukoo wetu, kakichapisha Dar, na humo anasema bibi aliyemlea mama yangu alizikwa Chalinze. Mama, ambaye siku hizi hata uji anaunywa kwa kubembelezwa, anasema bibi yake yuko hapa hapa Bagamoyo, kaburi la mwisho kwenye mikorosho, na anataka akifa alazwe ubavuni pake. Nafasi hapo imebaki moja. Upande wa binamu nao wanaitaka.

Nilimuuliza binamu habari kaitoa wapi. Kwa wazee wanaume, akajibu. Na wote wamezaliwa baada ya msiba ule! Nikamwambia wanafunzi wangu wa historia wangemcheka: hao wamehadithiwa, mama alishuhudia. Akaniuliza tangu lini mwanamke akaenda kuzika. Hapo alinibana. Kwetu jeneza huenda na wanaume, wanawake hubaki nyumbani. Mama anasema alikuwa mtoto, akalifuata kwa kificho, akachungulia nyuma ya mkorosho. Nani atampokelea ushahidi huo?

Shaabani ilipofika nikaenda kuyapaka makaburi chokaa, kama tufanyavyo kila mwaka kabla ya mfungo. Mama alishasema palikuwa na jina, basi nikaanza kukwangua. Chokaa juu ya chokaa, miaka na miaka ya mapenzi yetu, ikabanduka pamoja na lipu hadi jiwe tupu. Kama jina lilikuwepo, tumelifuta wenyewe kwa brashi. Nilikaa chini nikalia.

Niliporudi nyumbani mama akaniuliza, "Umeliona?"

Nikamshikia kikombe cha uji anywe. Kesho yake nikalisiliba kaburi upya, na kabla lipu haijakauka nikaandika jina la bibi kwa msumari.

Binamu alikuja baada ya Idi, mvua zimeshayachakaza yale maandishi. Alidhani nimeyafukua kwenye chokaa ya zamani. Akayapiga picha kwa simu, kisha akanishika bega.

"Nisamehe, mwalimu. Hiki ndicho chanzo cha msingi. Kijitabu nitakirekebisha."

Nilimwambia yamekwisha.

Mama amepata nafasi yake, na tangu aambiwe analala vizuri. Namwamini, wallahi namwamini. Ila njia ya mwongo ni fupi, na mimi bado sijui nani amelala mle.