Mama Mvivu wa Sinema Bubu

Kwa miaka ishirini Mwenze alisuka watu nywele Chaussée de Wavre, barabara ya Brussels, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba kichwa chake kimo mikononi mwa nyota wa sinema. Mwenyewe hakupenda kulisema. Sinema ndiyo iliyomvunjia nyumba.

Mwaka 1957, huko Kalemie, Kongo, padri mmoja Mbelgiji alikuwa akipiga sinema fupi za kufundisha watu afya. Zilikuwa bubu. Wachezaji waliambiwa waseme lolote, mradi midomo icheze, maana siku ya kuonyesha, mwalimu Jean-Baptiste alisimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti akawasemea wote, wake kwa waume. Mwenze, miaka kumi na tisa, uso usiojua kuficha kitu, alicheza sinema nne. Katika ya mwisho alikuwa Mama Mvivu, yule anayekataa kumpeleka mwanawe kuchanjwa ndui mpaka mtoto anakufa.

Mtoto huyo alikuwa wake wa kumzaa, Kisimba, mwaka na nusu, naye alikataa katakata kuwa maiti. Kila alipolazwa mkekani alimtazama mama yake, akacheka. Padri alirudia mara saba, na mara zote sita za mwanzo hata yeye alicheka.

Mwaka uliofuata ikaja surua. Kisimba alikuwa amechanjwa ndui, tena mama yake alimpeleka kabla ya watoto wote wa mtaa, lakini surua haikuwa na chanjo siku zile. Akafa. Sasa wanadamu hawana jema. Wale wale waliolia mbele ya shuka walikaa matangani wakinong'ona kwamba walimwona Mwenze kwa macho yao akimuua mwanawe, wakamsikia kwa masikio yao akikataa sindano, ingawa sauti ilikuwa ya Jean-Baptiste. Lisemwalo lipo, walisema. Mume naye akaamini, akamrudisha kwao. Picha ya Kisimba hakuna aliyewahi kupiga.

Masika iliyopita Lieve, mtafiti mstaafu wa Uccle, huko huko Brussels, aliyekulia Kongo, alizikuta kanda zile darini kwa mapadri wazee. Alikuja na kompyuta hadi Auderghem, upande mwingine wa jiji, Mwenze anakoishi na binti yake Keren. Mwenze alivaa kitenge kipya. Alikuwa na miaka themanini na saba na alitaka jambo moja tu, kumwona mwanawe akicheka.

Sinema ilikwisha kwa dakika tisa, na kicheko hakikuwemo. Lieve alieleza taratibu kwamba makosa yalikatwa na kutupwa, ndivyo kazi ilivyokuwa. Kilichobaki ni mara ya saba, mtoto amechoka, usingizi umemchukua, ametulia kama padri alivyotaka. Juu yake mama kijana ameinama, midomo inacheza. Inauma kusimulia.

Mwenze aliomba kipande kile kirudiwe, kisha tena. Lieve, mtafiti hata mbele ya msiba, akamwuliza kama anakumbuka alikuwa akisema nini pale.

Mwenze hakuondoa macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Nilikuwa namuambia mutoto: papa yangu, funga macho kidogo tu. Mama atakuamusha."