Mstari Mwembamba wa Mzee Shomari

Usiku ule, baada ya gazeti kutoka na herufi zangu za brashi, nililala kama mfalme. Darasa la nne tu mimi, na leo kichwa cha habari ukurasa wa kwanza ni mkono wangu: kila herufi nguzo nene nyeusi, halafu mstari mwembamba kama unywele, chini miguu midogo bapa. Mtu anakisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Wenye digrii wamejaribu, wameshindwa.

Jioni ya siku hiyo Rehema, binti wa marehemu Mzee Shomari, alikuwa amekuja kwenye karakana yangu ya mabango. "Baba mdogo, si ungeandika hata jina la baba pembeni?"

Nikamjibu mbele ya wateja: "Baba yako alikuwa ananichanganyia rangi, mwanangu."

Wakacheka. Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Basi nimelala, naona niko kwenye karakana ya zamani, ile ya mabati. Mzee Shomari, mwaka wa sita huu yuko kaburini, amekaa juu ya debe la rangi, anafuta brashi. Nasema, "Shikamoo, fundi." Ananipa ile brashi. Anasema, "Andika."

Ubao ulio mbele yangu unageuka ukuta, ukuta unageuka gazeti, kubwa kama uwanja wa mpira. Naandika jina langu. Nguzo nene zinateremka zenyewe. Ikifika zamu ya nyembamba, ile mistari ya unywele, nashika pumzi, maana nyembamba haipigwi mtu akiwa anapumua. Mstari unakwenda kama njia ya siafu.

Nageuka, wateja wamejaa mlangoni. Nawajua. Ni walewale waliokuwepo siku macho ya mzee yalipoanza kufifia, nikamnyang'anya brashi ndogo na kusema, "Mpeni nguzo za kujaza huyu, nyembamba si zake tena." Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee alijaza nguzo nyeusi miezi minane, hadi akafa.

Sasa anainuka, ananitoa brashi mkononi, polepole, kama anayemvua mtoto kiatu.

"Mpeni nguzo za kujaza huyu," anasema.

Wanacheka. Hata mke wangu yumo.

Nataka kuachia pumzi, haitoki. Mzee ananiinamia sikioni. "Hiyo pumzi nilikufundisha mimi. Kamwambie mwanangu ukweli, ndipo uvute nyingine."

Nikaamka natweta kama niliyeopolewa majini, mke wangu ananipiga mgongoni.

Kulipokucha nilijaribu nyembamba moja tu, nyuma ya kalenda. Nilirudia mara saba. Ilivyotoka sisemi. Fundi namba moja wa mji huu bado ni mimi, hilo halibadiliki.

Lakini nilimpigia Rehema. Hakunisalimia. Alisema tu, "Sema, nasikia."

"Baba yako hakuwa ananichanganyia rangi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa namchanganyia."