Nchi ya Wenyewe

Mtaani walimwita Nani Kasema, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza nani kasema, kisha atatoa mkono dirishani ahakikishe. Kazi yake ilikuwa kuchora mabango, ya maduka, ya shule, ya zahanati. Mkono wake ulikuwa mtulivu, ila moyo, loo! Hakuamini hata kivuli chake.

Tusimlaumu sana lakini. Baba yake alifanya kazi kiwanda cha kamba tangu ujana hadi mvi. Siku moja kiwanda kikabadilishwa jina, getini kukawekwa bango jipya linalong'aa, wafanyakazi wakapiga makofi. Haukupita muda, wazee wakaambiwa kwamba kampuni iliyowaajiri haipo tena na hii mpya haiwajui. Mzee akarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu hapo mwanawe akashika jambo moja kichwani: jina likibadilishwa, kuna mtu anatolewa nje.

Sasa redio nayo ikatangaza kwamba nchi inabadilishwa jina. Makubwa!

Kwa kinyozi hakukuwa na habari nyingine. Jina la zamani lilikuwa la ule mto wa mpakani. Wageni walipofika zamani waliwakuta wavushaji mtoni, wakachukua jina la mto wakaivalisha nchi nzima. Kwa lugha ya wale wavushaji maana yake ni maji ya kuvukia.

"Nchi nzima tunaitwa kivuko!" kinyozi alisema, mkasi hewani. "Na sisi tuna afadhali. Kuna nchi ziliitwa kwa bidhaa, kama duka. Nyingine zikapewa jina la mtu ambaye hata mguu hakukanyaga. Ukishakuwa mtu mzima, unajiita mwenyewe."

"Acha hizo," alisema muuza nyama. "Kila mkubwa akiingia anataka alama yake. Ni mpangaji mpya anapaka ukuta rangi, basi."

Jina jipya lilikuwa la lugha ya zamani ya bara, na maana yake Nchi ya Wenyewe.

"Wenyewe ni akina nani?" aliuliza Nani Kasema.

Wakaangua kicheko. "Si ni sisi, ndugu yangu! Kwani wewe wa wapi?"

Ulikuwa utani tu, lakini ulimwingia kama mwiba. Mkewe alizaliwa ng'ambo ya mto. Alivushwa angali mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akaolewa huku, na huku ndiko alikomzika mtoto wao wa kwanza. Je, siku wenyewe watakapohesabiwa, atahesabiwa?

Basi akaanza kuwachunguza watu. Muuza nyama, aliyezoea kumwita mkewe shemeji, siku hiyo kamwita mama. Kwa nini? Mshonaji wa nyumba ya pili akamuuliza mkewe mama yake alizikwa upande gani. Anatafuta nini huyu? "Kikulacho ki nguoni mwako," Nani Kasema alijisemea, na usingizi ukamhama.

"Ukienda sokoni usiongee sana," alimwambia mkewe. "Una kilafudhi kidogo cha ng'ambo."

"Niwe bubu?"

"Kwa muda tu, mambo yatulie."

"Baba watoto, una homa wewe." Mkewe alicheka. Alipoambiwa mara ya pili hakucheka.

Karani wa manispaa akaja kumpa kazi ya kuandika jina jipya kwenye bango la ukumbi wa mji. Mwingine angerukaruka kwa furaha. Yeye aliuliza tena wenyewe ni akina nani. "Wewe paka rangi, mzee," karani akamjibu. Alipanda ngazi akapiga msasa jina la mto mpaka vumbi lake likamjaa puani, na kila herufi mpya aliyoichora aliiona kama inamkazia macho.

Siku ya sherehe ikafika. Mkewe aliamka mapema akavaa nguo nzuri.

"Leo hutoki," alisema Nani Kasema.

"Nina shughuli ukumbini. Juzi nilitaka kukueleza, hukunisikiliza..."

"Watu wakishangilia sana hawajizuii. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Akatoka, akapiga kufuli mlango kwa nje. Ndiyo, alimfungia mke wake, mtu mzima na akili zake!

Akaenda kusimama chini ya bango lake, anasoma nyuso za watu. Mara akamwona mshonaji akimnong'oneza muuza nyama. Muuza nyama akaomba nyundo kwa fundi wa jukwaa, wakaondoka haraka kuelekea nyumbani kwa Nani Kasema. Mungu wangu! Akawafuata mbio, akikwama kwenye umati, huku wao wamepita njia za mkato. Alipofika, kufuli lilikuwa chini limevunjwa, mlango wazi, mke hayupo. Aliita kila chumba. Alirudi ukumbini analia wazi wazi, mbele za watu.

Akamkuta mkewe jukwaani. Wanawake wa mtaa walikuwa wamemchagua yeye aseme kwa niaba yao. Alisema maneno machache, kwa lafudhi yake ile ile, juu ya maji ya kisima na zahanati, na watu wakampigia makofi mpaka akashuka. Mshonaji akamkumbatia. Muuza nyama akamgeukia Nani Kasema akicheka: "Kaka, kusahau gani huko? Unafunga nyumba mke yumo ndani! Bahati mshonaji kamsikia akiita dirishani."

Jioni, nyumbani, mkewe alivua viatu, akaketi.

"Niliwaambia ulisahau," alisema. "Nimekudanganyia, maana niliona aibu."

"Mama watoto..."

"Ngoja. Nilivushwa ule mto sina hata jino. Nimezeeka hapa. Sokoni, hospitali, msibani, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunifanya nijione mgeni. Wewe ndiye wa kwanza."

Nani Kasema alitaka kusema kwamba alimhofia, na kweli alimhofia. Lakini mkewe alikuwa ameshaingia chumbani, akafunga mlango kwa ndani.