Furushi la Maganda

Binti yangu aliponipigia simu kutoka Dar es Salaam akiomba nimtumie maganda ya ndizi, nilimjibu kwa ukali. Kwetu maganda ni ya mbuzi. Mtu akikutumia maganda amekutukana, na mimi niliyefundisha shule ya msingi hapa Makere mpaka nikastaafu sikuwa tayari kumtukana mwanangu kwa basi.

"Mama, ni ya kazi," akasema, akaanza kunieleza. Yuko kwenye kiwanda kinachopaka vyuma madini ili visishike kutu. Maji yanayooshewa vyuma hivyo hutoka yamebeba madini ya zinki, risasi na mengine ya kudhuru, na mfereji wake unapita kwenye bustani za mchicha. Yeye na wenzake hawakutaka kuyasafisha kwa kumwaga sumu juu ya sumu. Maganda yakikaushwa, yakasagwa na kujazwa kwenye pipa, maji yakipita humo madini hung'ang'ania maganda. Baadaye yakisuuzwa kwa maji makali kama ya ndimu, huyaachia madini hayo, na kiwanda kinayatumia tena.

Nilimwambia maganda hayo yananishinda akili, maana mimi kuachia sijui. Akacheka. Sikuwa natania.

Mkono wangu bado ulikataa. Furushi la kwanza nililipeleka stendi ya Kasulu likiwa na ndizi nzima, nikamwambia ale kwanza, maganda atabaki nayo. Zilifika zimeoza. Mara ya pili nilituma maganda kweli, ila katikati nilificha kopo la asali ambayo dada yangu aliniletea kutoka Murungu, tulikozaliwa. Kopo likavuja.

"Mama! Si nilisema maganda matupu? Haya hayapimiki tena!"

"Matupu mtumie adui yako," nikamjibu. Nyuma yake niliwasikia wenzake wakicheka. Walikuwa wakiilamba ile asali kwenye maganda.

Tukapatana: maganda gunia lake, chakula gunia lake. Nikawa nayaosha kwa maji ya mvua na kuyaanika kwenye mkeka, fimbo mkononi kwa ajili ya mbuzi. Jirani yangu, mzee asiyeweza kupita kimya mahali, akasimama uani.

"Mwalimu, yule mwana kasoma, kasoma, mwisho karudi kwenye maganda?"

Nilimwambia safari njema. Lakini kazi ile niliipenda kuliko nilivyomwonyesha mtu yeyote. Kila ganda nililoligeuza juani, nilijua litapita mikononi mwake. Tangu tulipomzika baba yake sikuwa nimemwona. Kila akipiga simu husema atakuja mvua zikikatika; mvua hukatika, huanza tena. Nilikuwa na hamu naye mno. Nilikuwa nikipika maharage nakuta nimepima ya watu wawili, na ninapoepua ndipo nakasirika, kana kwamba sufuria ndiyo iliyonidanganya.

Juzi akapiga mchana, sauti juu juu. Kazi yao imekubaliwa. Kiwanda kinajenga mapipa makubwa, na maganda watayachukua kwa wauza juisi wa mjini, yako tele na karibu. "Sasa pumzika, mama. Umechoka kwa ajili yangu."

Nilimpa hongera, na ilitoka moyoni. Gunia lilikuwa limejaa, nimelishona mdomo tayari. Nikawa napapasa ule mshono. Furushi ndilo lililokuwa likitukutanisha, sasa limekwisha.

"Mama, mbona kimya? Nije? Nikiomba ruhusa leo wananipa. Ila mapipa itabidi yasimame mpaka nirudi, hakuna mwingine anayeyajua."

Miaka yote nilikuwa nasubiri aulize hivyo. Neno lilikuwa mdomoni. Kisha nikawaza maji yale yakiendelea kutiririka bustanini, na watoto wa watu wanaolishwa ule mchicha, wadogo kama wale niliowafundisha kushika kalamu.

"Malizeni kwanza hayo maji," nikasema. "Huku hakuna lililoharibika."

"Kweli, mama?"

"Kweli."

"Haya. Basi mvua zikikatika. Kwaheri, mama."

"Kwaheri."

Alipokata simu ndipo nikasema, "Njoo, mwanangu."